Udahili wa Mapema Vyuoni na Ustahiki wa Wanabesiboli wa Sekondari katika Uteuzi wa Ligi Kuu ya Marekani, 1965–2024

1.0 Utangulizi

Tangu mwaka 1965, kijana wa Marekani mwenye kipaji cha besiboli hajiungi na klabu ya kulipwa kwa hiari yake. Kila mwaka klabu za Ligi Kuu huketi na kuteua wachezaji wapya kwa zamu, na klabu inayomteua kijana ndiyo pekee inayopata haki ya kuzungumza naye kuhusu mkataba. Ili ateuliwe, ni lazima kwanza awe na sifa ya kustahiki. Sifa hiyo haipimwi kwa umri peke yake, wala kwa ubora wa mchezo wake. Hupimwa kwanza kwa hadhi yake ya kishule.

Kanuni zinazotumika zina milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa mhitimu wa sekondari ambaye hajaanza masomo ya chuo. Wa pili ni wa mwanafunzi wa chuo cha miaka miwili, ambaye anaweza kuteuliwa katika mwaka wowote wa masomo yake. Wa tatu ni wa mwanafunzi wa chuo cha miaka minne, ambaye hustahiki anapomaliza mwaka wa tatu au anapofikisha umri wa miaka 21. Kwa hiyo, kijana anayemaliza sekondari mapema na kuingia chuoni kabla ya wenzake anahama kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, na uhamisho huo hubadili tarehe ambayo klabu zinaweza kumteua.

Insha hii inajenga hoja kwamba, kwa kuwa ustahiki ulifungwa kwenye kalenda ya shule, tarehe ya kuhitimu iligeuka kuwa mtaji wa mapatano. Udahili wa mapema ulikuwa mojawapo ya njia chache ambazo kijana asiye na chama cha kumsemea aliweza kuzitumia ili kurudisha mikononi mwake sehemu ya uamuzi aliopokonywa mwaka 1965. Hata hivyo, njia hiyo haikuwa na matokeo ya namna moja. Tendo lilelile la kuaga sekondari mapema liliwafungulia baadhi ya vijana mlango wa uteuzi kabla ya wakati, na likawafungia wengine kwa miaka kadhaa. Mjadala unafuata mpangilio wa wakati kwa kadiri iwezekanavyo, kisha unahitimishwa kwa kuangalia ni nani aliyetunga kanuni hizo na kwa nini zimedumu.

2.0 Soko Huria na Chanzo cha Uteuzi

Kabla ya mwaka 1965 klabu zilishindana kwa fedha kuwapata vijana. Klabu tajiri zilikuwa na watafuta vipaji wengi na mifuko mizito, na mhitimu wa sekondari mwenye sifa aliweza kupokea wageni kadhaa sebuleni kwao kwa siku moja. Wenye klabu walijaribu kulidhibiti soko hilo bila kulifuta. Chini ya kanuni iliyotumika kati ya 1953 na 1957, kijana aliyesaini kwa zaidi ya dola 4,000 alilazimika kubakizwa katika kikosi cha Ligi Kuu kwa miaka miwili, badala ya kupelekwa kukomaa katika ligi za chini. Sandy Koufax, aliyeacha masomo katika Chuo Kikuu cha Cincinnati na kusaini na Brooklyn Dodgers mnamo Desemba 1954, alipitia hali hiyo: alikaa katika kikosi cha wakubwa akiwa bado hajaiva, na nafasi za kucheza alizopata zilikuwa chache.

Kanuni hiyo ilikusudiwa kuzitia klabu hofu ya kulipa fedha nyingi, lakini haikuzima ushindani. Mwaka 1964 Rick Reichardt wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alisaini na Angels wa Los Angeles kwa takriban dola 200,000, kiasi kilichowashtua wenye klabu. Mwaka uliofuata, mnamo Juni 1965, uteuzi wa kwanza ulifanyika jijini New York. Klabu zilizoshika nafasi za chini katika msimamo wa ligi zilitangulia kuchagua, na Kansas City Athletics walimchukua Rick Monday wa Chuo Kikuu cha Arizona State kuwa mteuliwa wa kwanza.

Utaratibu huo ulielezwa kuwa njia ya kugawa vipaji kwa haki baina ya klabu. Upande wake wa pili ulikuwa kupunguza bei. Kijana aliyekuwa akizungumza na klabu nyingi sasa alizungumza na moja tu. Silaha iliyobaki mkononi mwake ilikuwa neno “hapana”, na neno hilo lilikuwa na uzito pale tu alipokuwa na mahali pengine pa kwenda. Kwa wengi mahali hapo palikuwa chuo. Hapo ndipo masomo yalipoingizwa ndani ya mapatano ya kazi, hata kwa vijana ambao hawakuwa na nia kubwa ya kusoma.

3.0 Kalenda Mbili Zinazogongana: Uteuzi wa Januari, 1966–1986

Mwanzoni utaratibu ulitambua kwamba si wanafunzi wote wanaomaliza masomo kwa wakati mmoja. Zipo shule zilizohitimisha baadhi ya wanafunzi katikati ya mwaka wa masomo, na vyuo vya miaka miwili vilikuwa na wanafunzi walioingia na kutoka kila muhula. Kwa ajili yao, kuanzia 1966 hadi 1986, uteuzi wa pili ulifanyika kila Januari. Kirby Puckett, aliyekuja kuwa nguzo ya Minnesota Twins, aliteuliwa wa tatu katika uteuzi wa Januari 1982 akitokea Triton College, chuo cha miaka miwili katika jimbo la Illinois.

Utaratibu wa Januari ulionesha mapema hatari ya kufunga ajira kwenye kalenda ya shule. Januari 1966 Atlanta Braves walimteua Tom Seaver, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Southern California, naye akasaini mkataba mnamo Februari. Tatizo ni kwamba timu ya chuo ilikuwa tayari imeanza kucheza mechi za msimu huo, na kanuni za besiboli zilikataza klabu kumsainisha mwanafunzi msimu wa chuo chake ukishaanza. Kamishna William Eckert aliubatilisha mkataba. Seaver alipotaka kurudi chuoni kucheza, Chama cha Kitaifa cha Michezo ya Vyuo (NCAA) kilimkatalia kwa sababu alikwisha kusaini mkataba wa kulipwa, ingawa mkataba wenyewe haukuwapo tena.

Hivyo kijana mmoja alijikuta si mtu wa klabu wala si mtu wa chuo, bila kosa alilolitenda kwa makusudi. Suluhisho la Kamishna lilikuwa bahati nasibu. Klabu nyingine zilizokuwa tayari kulipa kiasi kilekile ziliombwa zijitokeze; zilikuja tatu, Mets, Phillies na Indians, na jina la Mets likachomolewa. Seaver alishinda michezo 311 katika maisha yake ya Ligi Kuu, lakini uzito wa kisa hiki kihistoria uko kwenye kanuni zaidi kuliko kwenye kipaji chake. Kinaonesha kwamba mamlaka mbili zilikuwa zikipima hadhi ya kijana yuleyule kwa saa mbili tofauti, na hakuna hata moja iliyojiona inawajibika kwake pale saa hizo zilipopishana.

Uteuzi wa Januari ulipofutwa baada ya 1986, kalenda ilibaki moja. Tangu hapo anayehitimu Desemba na anayehitimu Juni wamekuwa wakisubiri siku ileile, isipokuwa yule anayehitimu mapema akiamua kutumia miezi hiyo kuingia chuoni. Kwa maneno mengine, kufutwa kwa Januari hakukuondoa tofauti ya tarehe za kuhitimu. Kulihamishia tofauti hiyo kwenye chaguo la chuo.

4.0 Chuo cha Miaka Miwili kama Njia ya Mkato

Thamani ya chuo cha miaka miwili inatokana na kanuni kwamba mwanafunzi wake anaweza kuteuliwa mwaka wowote. Aliyedhihirisha hilo ni Alex Fernandez. Aliteuliwa na Milwaukee Brewers katika raundi ya kwanza mwaka 1988, akakataa kusaini, akaingia Chuo Kikuu cha Miami. Kwa kubaki pale angesubiri hadi 1991. Baada ya mwaka mmoja alihamia chuo cha miaka miwili cha Miami-Dade, na kwa uhamisho huo akastahiki Juni 1990. Chicago White Sox walimteua wa nne, na mnamo Agosti mwaka huohuo alikuwa tayari anarusha mpira katika Ligi Kuu. Fernandez pia alitunukiwa Golden Spikes, tuzo ya mchezaji bora wa ridhaa nchini humo. Phil Bickford alifuata mantiki hiyohiyo: baada ya kukataa kusaini na Toronto Blue Jays mwaka 2013 alikwenda California State University, Fullerton, kisha akahamia College of Southern Nevada na kuteuliwa na San Francisco Giants mwaka 2015, mwaka mmoja kabla ya muda ambao angestahiki kwa kubaki chuo cha miaka minne.

Vijana hao wawili walihama wakiwa tayari vyuoni. Bryce Harper aliipeleka mantiki hiyo hadi ndani ya sekondari. Alizaliwa Oktoba 1992 jijini Las Vegas, na kwa utaratibu wa kawaida angehitimu mwaka 2011. Baada ya kumaliza mwaka wa pili wa sekondari, kati ya minne, aliacha shule, akafanya mtihani wa GED na kujiunga na College of Southern Nevada kwa msimu wa 2010. Mtihani huo ulianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi walioacha masomo, na unaofaulu huhesabiwa kuwa na cheti kilicho sawa na cha sekondari. Chombo kilichobuniwa kuwarudisha watu shuleni sasa kilitumika kumtoa kijana sekondari kabla ya wakati.

Uchaguzi wa chuo nao ulikuwa na hesabu. Vyuo vingi vya Marekani hutumia magongo ya metali, lakini ukanda wa mashindano wa chuo hicho ulitumia magongo ya mbao kama ya ligi za kulipwa. Harper alipiga mipigo 31 ya kuvusha uzio, ilhali rekodi ya awali ya chuo ilikuwa 12, na akawa na wastani wa upigaji wa 0.443. Alipata tuzo ya Golden Spikes, na Juni 2010 Washington Nationals walimteua wa kwanza nchini kote akiwa na miaka 17. Usiku wa Agosti 16, muda mfupi kabla ya mwisho wa siku ya kusaini, alikubali mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 9.9.

Ni rahisi kuona faida yake katika fedha hizo. Hata hivyo, faida kubwa zaidi ilikuwa mwaka mmoja aliouokoa. Katika besiboli mchezaji hupata uhuru wa kuchagua klabu baada ya miaka sita ya utumishi katika Ligi Kuu. Harper alianza Aprili 2012 akiwa na miaka 19, akafika sokoni mwisho wa msimu wa 2018 akiwa na miaka 26, na mwaka 2019 akasaini na Philadelphia Phillies mkataba wa miaka 13 wa dola milioni 330. Klabu hulipa zaidi kwa miaka ya nguvu iliyo mbele kuliko kwa sifa zilizopita. Hivyo kila mwaka unaopunguzwa mlangoni hurudi baadaye ukiwa na thamani kubwa kuliko ulipoondolewa. Pamoja na hayo, mfano wake haukugeuka kuwa desturi. Njia hiyo ilihitaji mwili uliokomaa kabla ya umri, familia iliyoweza kuibeba hatari, na mshauri aliyezijua kanuni. Vijana wenye vitu hivyo vitatu kwa pamoja ni wachache.

5.0 Chuo cha Miaka Minne na Mlango Unaofungwa

Kijana anayeacha sekondari mapema na kuingia chuo cha miaka minne hufanya biashara tofauti kabisa. Siku anapoanza masomo, mlango wa mhitimu wa sekondari hufungwa nyuma yake, na ule wa chuo haufunguki hadi baada ya mwaka wa tatu au umri wa miaka 21. Robert Stock wa California aliacha mwaka wake wa mwisho wa sekondari na kuingia Chuo Kikuu cha Southern California mwaka 2006 akiwa na miaka 16. Kwa hatua hiyo alijitoa katika uteuzi wa 2007. Aliteuliwa na St. Louis Cardinals mwaka 2009 katika raundi ya pili, na hakufika Ligi Kuu hadi 2018, akiwa mrushaji wa San Diego Padres. Christian Little naye aliuacha msimu wake wa mwisho wa sekondari na kurusha mpira kwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2021 akiwa na miaka 17, akiuruka uteuzi wa mwaka huo.

Itakuwa kosa kuziona hatua hizo kuwa hasara tupu. Anayeingia mapema humaliza mwaka wa tatu mapema pia, na hufika kwenye uteuzi wa chuo akiwa mdogo kuliko wenzake. Stock alikuwa na miaka 19. Tena hupata masomo, walimu wa mchezo na mechi zenye ushindani mkubwa. Anachokipoteza ni nafasi ya kusikia bei yake kwanza. Mhitimu wa kawaida aliyeahidiwa nafasi chuoni huteuliwa, husikiliza ofa, kisha huchagua kati ya fedha na masomo. Aliyeingia mapema amekwisha kuchagua kabla ya klabu yoyote kutaja kiasi. Aliyekwenda chuo cha miaka miwili, kinyume chake, huendelea kuishika silaha yake: akikataa ofa anaweza kurudi chuoni na kuteuliwa tena mwaka unaofuata.

Gharama za masomo zinaongeza uzito wa uamuzi huo. Hadi mageuzi ya 2025, timu ya besiboli katika daraja la juu la NCAA iliruhusiwa kugawa ufadhili usiozidi nafasi kamili 11.7, ambazo zilimegwa kwa wachezaji wengi. Kwa hiyo wengi walilipiwa sehemu tu ya ada, na kijana wa familia ya kipato kidogo hakuweza kuutumia udahili kama ngao kwa wepesi uleule wa kijana wa familia yenye uwezo.

6.0 Kulisogeza Darasa

Katika miaka ya karibuni umejitokeza mwelekeo wa tatu: kuhitimu mapema bila kwenda chuo, ili kuingia kwenye uteuzi wa mwaka uliotangulia. Blaze Jordan wa Mississippi alijisogeza kutoka darasa la 2021 hadi la 2020, na Boston Red Sox wakamteua akiwa na miaka 17. Mwaka huo uteuzi ulipunguzwa hadi raundi tano kwa sababu ya janga la korona, kutoka raundi 40 za awali. Tangu 2021 zimekuwa 20. Konnor Griffin, pia wa Mississippi, alijisogeza kutoka darasa la 2025 hadi la 2024, na Pittsburgh Pirates wakamteua wa tisa akiwa na miaka 18.

Mwelekeo huu unathibitisha hoja ya msingi kwa upande mwingine. Klabu hupenda umri mdogo, lakini kanuni hazimruhusu kijana kusema tu kwamba yuko tayari. Ni lazima shule imthibitishie. Kwa sababu hiyo cheti cha sekondari kimekuwa kibali cha kazi, na masomo ya ziada ya kiangazi au ya masafa yamekuwa sehemu ya maandalizi ya mchezo.

7.0 Nani Alitunga Kanuni?

Uimara wa kanuni hizi unahitaji maelezo, kwa kuwa michezo mingine haikuachwa hivyo. Katika mpira wa kikapu, shauri la Spencer Haywood lililofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971 liliivunja kanuni iliyomtaka mchezaji asubiri miaka minne baada ya sekondari. Besiboli ilikuwa na kinga. Uamuzi wa mahakama hiyohiyo wa mwaka 1922 uliitoa besiboli nje ya sheria za kuzuia uhodhi wa biashara, na shauri la Curt Flood la mwaka 1972 liliiacha kinga hiyo ikisimama. Bunge lilipoipunguza kwa Sheria ya Curt Flood ya 1998, lilizungumzia wachezaji wa Ligi Kuu na kuuacha uteuzi wa vijana wa ridhaa pembeni.

Masharti ya uteuzi hujadiliwa kati ya wenye klabu na chama cha wachezaji, na vijana wanaosubiri kuteuliwa si wanachama wa chama hicho. Makubaliano ya 2011 yaliweka mfuko wenye ukomo kwa kila klabu kuanzia uteuzi wa 2012, na kuzuia wateuliwa kupewa mkataba wa Ligi Kuu wa aina aliyoupata Harper. Waliofungwa na masharti hayo hawakuwa na mjumbe mezani. Hata ushauri wa kisheria uliwahi kuwa kosa: mrushaji Andy Oliver wa Oklahoma State alisimamishwa na NCAA mwaka 2008 kwa sababu washauri wake walishiriki katika mazungumzo na klabu iliyomteua akitoka sekondari. Alishitaki, na mwaka 2009 shauri likamalizwa nje ya mahakama kwa malipo ya dola 750,000. Ni mwaka 2016 ndipo kanuni za vyuo vikubwa zilipomruhusu mteuliwa wa sekondari kuwa na wakala katika mazungumzo hayo.

Ulinganisho na vijana wa nje unaondoa shaka iliyobaki. Kijana wa Jamhuri ya Dominika, ambaye hayumo katika uteuzi, anaweza kusaini akiwa na miaka 16 bila kuulizwa cheti. Puerto Rico ilikuwa hivyo hivyo hadi ilipoingizwa katika uteuzi kuanzia 1990. Iván Rodríguez alisaini na Texas Rangers mwaka 1988 akiwa na miaka 16. Baada ya hapo kijana wa kisiwa hicho alitakiwa kumaliza sekondari kwanza. Kama lengo la kanuni lingekuwa kulinda elimu ya watoto wanaocheza besiboli, lingewalinda wote.

8.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kwamba udahili wa mapema haukuwa ujanja wa kijana mmoja mwenye haraka, bali jibu la kimantiki kwa utaratibu ulioiweka ajira chini ya kalenda ya shule. Uteuzi wa 1965 ulimwachia kijana uwezo wa kukataa, na uwezo huo ulitegemea chuo alichoweza kwenda na siku aliyoweza kuingia. Chuo cha miaka miwili kiliufupisha muda na kuiacha silaha mkononi; chuo cha miaka minne kilitoa elimu na ukomavu kwa bei ya kuisalimisha silaha hiyo; kulisogeza darasa kulibadili umri machoni pa klabu bila kubadili mlango.

Matokeo yake ni ukosefu wa usawa usiosemwa katika kanuni. Wanaofaidika ni wale wanaozielewa kanuni mapema, wakiwa na miaka 15 au 16, umri ambao uamuzi hufanywa na wazazi na washauri zaidi ya kijana mwenyewe. Anayekosa maarifa hayo hufuata kalenda ya kawaida na kuipokea bei anayopewa. Kwa hiyo, utafiti wa historia ya wanamichezo vijana hauna budi kuitazama kalenda ya shule kwa makini uleule unaopewa mikataba na mishahara, kwa sababu katika besiboli ya Marekani sehemu kubwa ya mkataba huandikwa siku kijana anapochagua lini, na kwa mlango upi, ataiaga sekondari.